Bunduki ya Mwindaji

Wahenga walinena: panapofuka moshi pana moto. Tarehe 26 Agosti 1916 Waingereza waliingia Morogoro, na jeshi la Lettow-Vorbeck likarudi nyuma kuipita milima ya Uluguru hadi Kisaki. Askari wake wa Kiafrika waliijua methali hiyo kwa miili yao.

Vita vilipoanza mwaka 1914, wengi wao walishika Mauser ya mwaka 1871, iliyoitwa kwa Kijerumani Jägerbüchse, yaani bunduki ya mwindaji. Mtutu wake ulikuwa na tundu la milimita 11. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 25, ikisukumwa na gramu 5 za baruti nyeusi. Mnyama hajui kusoma moshi, mwanadamu anajua. Kila mlio ulipandisha wingu jeupe, na adui akapiga penye wingu. Hivyo bunduki ya mwindaji ikamfanya mshikaji kuwa windo.

Mwaka ule ule wa 1871, Frederick Selous, Mwingereza wa miaka 19, alifika kusini mwa Afrika, akawinda tembo kwa magobori mazito yaliyoumiza bega lake mwenyewe. Tarehe 4 Januari 1917, siku nne baada ya kutimiza miaka 65, naye aliwindwa: mdunguaji alimuua Beho Beho, kusini mwa Uluguru.

Kaburi la Selous lipo hapo, na jina lake limeandikwa. Askari wengi waliosalitiwa na moshi wa bunduki zao hawana kaburi lijulikanalo.