Kizunguzungu cha mzamiaji: si mambamuntu, ni sikio

Wasikilizaji wetu wa Kasongo na Kabambare, na nyinyi ndugu mliokimbia vijiji vyenu, leo tuongee juu ya wazamiaji wa dhahabu.

Mwaka 2014 na 2015 dhahabu ya mto Ulindi, kwa jirani zetu wa Shabunda, iliwavuta vijana wengi. Kwenye draga, mzamiaji anashuka na mpira wa hewa mdomoni, kompresa ikimsukumia hewa kutoka juu, naye anaongoza bomba linalofyonza mchanga. Maji ni ya tope, haoni hata mkono wake. Mara anaona dunia inazunguka, hajui juu ni wapi wala chini ni wapi. Asipotoka, watu husema mambamuntu amemvuta, ao karogwa.

Jibu la jambo hili lilianzia mbali na mto. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Robert Bárány wa Vienna alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa. Maji yakiwa baridi, mgonjwa alipata kizunguzungu na macho yakacheza upande mmoja. Yakiwa ya moto, yalicheza upande wa pili. Akaelewa kwamba ndani kabisa ya sikio mna majimaji yanayoujulisha ubongo namna kichwa kinavyogeuka, na baridi ao joto huyatembeza. Alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Habari ilimkuta akiwa mfungwa wa vita huko Urusi.

Sasa turudi mtoni. Kwenye mita 10, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu. Mwenye mafua, masikio yake hayafunguki. Ngoma ya sikio inaweza kupasuka, maji baridi yakaingia upande mmoja. Ni kile kile alichokiona Bárány, lakini gizani. Tena, kompresa ikivuta moshi wa mota, hewa inakuwa sumu, na sumu hiyo nayo inazungusha kichwa.

Kwa hiyo, kijana, usizame na mafua. Kompresa ivute hewa mbali na moshi. Jifunge kamba, na juu awepo mtu wa kuishika. Kizunguzungu kikikupata, shika kamba, tulia, uguse mapovu yako: yanakokwenda ndiko juu. Panda polepole, bila kubana pumzi.

Na mama aliyepoteza mtoto mtoni, tusimtafutie mchawi katika jamaa yake.