Saa Mbili ya Magindu: Historia Fupi ya Maelezo ya Zana

Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, zama za utawala wa Wajerumani, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Njiani ilipita Magindu, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Kibaha. Pamoja na mataruma na vyuma, reli ilileta ratiba, na ratiba ilileta hesabu ya saa ianzayo usiku wa manane. Wenyeji walihesabu saa tangu kuchomoza kwa jua. Basi treni iliyoandikiwa saa 8 ya asubuhi ilikuwa, kinywani mwa abiria, treni ya saa mbili. Ratiba haikulieleza jambo hilo, wala haikulazimika kulieleza, kwa kuwa abiria mwenye shaka aliweza kutazama jua au kumwuliza jirani yake.

Mgeni hana jirani wa namna hiyo. Edward Steere, aliyetoa kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili mwaka 1870, alilifahamu hilo. Hakuishia kwenye maneno na ngeli, bali alieleza pia jinsi Waswahili wahesabuvyo wakati: kwamba siku huanza magharibi, hata usiku wa Ijumaa ukawa ni ule ufuatao mchana wa Alhamisi. Mwenyeji asingeona haja ya kuyaandika hayo, kwa sababu kila mtu ayajua. Na aghalabu lijulikanalo na wote ndilo lisahauliwalo kuandikwa.

Kanuni hiyo iliwakabili waandishi wa mashine pia. Mwaka 1843 Ada Lovelace alichapisha maelezo juu ya mashine ya hesabu iliyobuniwa na Charles Babbage, akapanga hatua kwa hatua namna ya kukokotoa namba za Bernoulli. Mashine yenyewe haikupata kukamilika, lakini maelezo yakabaki. Tarehe 3 Novemba 1971 ulitolewa mwongozo wa kwanza wa Unix. Kila zana ilipewa jina, namna ya kuiita na maelezo ya kazi yake. Tena palikuwa na sehemu ya kukiri kasoro zake. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi katika Kiswahili. Katika yote hayo msomaji alikuwa binadamu, naye alipokosea aliona kosa mbele ya macho yake akarudia.

Tangu mwaka 2023 msomaji amebadilika. Mwezi Juni mwaka huo kampuni ya OpenAI iliwezesha modeli zake kuchagua na kuita zana za programu kwa kusoma maelezo ya zana hizo. Na Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatangaza utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol, wa kuunganisha wasaidizi wa akili mnemba na zana za kila aina. Jina la zana, maelezo yake na orodha ya vitu inavyotaka kupewa ndivyo msaidizi avisomavyo kabla ya kutenda.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Mkazi wa Magindu amwambia msaidizi katika simu amkatie tiketi ya safari ya saa mbili usiku. Zana ya tiketi imeelezwa kwa maneno matatu tu: "andika saa hapa". Msaidizi aandika 02:00, ambayo kwa Mswahili ni saa nane usiku. Zana imefanya kazi barabara, fedha imekatwa, na abiria hana safari. Lau mwandishi angaliongeza kwamba saa huhesabiwa tangu usiku wa manane, kwamba saa mbili usiku ya Kiswahili huandikwa 20:00, kwamba malipo hukatwa papo hapo, na kwamba penye shaka mteja aulizwe kwanza, hasara hiyo isingalitokea.

Wako wasemao kwamba wasaidizi hawa watazidi werevu hata maelezo yasihitajiwe. Hoja hiyo ina upungufu. Msaidizi aweza kuzijua hesabu zote mbili za saa, na bado asijue zana iliyo mbele yake yataka ipi; hilo alijuaye ni aliyeiunda. Wala si kwamba maelezo marefu ndiyo bora, maana maneno mengi huficha lililo muhimu. Yatakiwa yaelezwe zana yafanya nini, haifanyi nini, yapokea nini na kwa kipimo gani, yarudisha nini, na ni tendo lipi lisiloweza kutenguliwa.

Ratiba ya zamani ilisamehewa ukimya wake kwa sababu msomaji wake alisimama juani. Msomaji wa sasa hana jua la kutazama. Asipoandikiwa, hukisia, na gharama ya makisio hayo hailipwi naye wala na mwandishi, bali na abiria aliyebaki stesheni.