Fahamu 'tochi' ya trafiki inavyokupima, na kwa nini kuwashiana taa hakumwokoi dereva wa basi

Ukisafiri barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro utaiona hii: gari linalokuja mbele linawasha taa mara mbili, dereva anatoa mkono kidogo dirishani. Maana yake tochi ipo mbele. Kila mtu anashuka hadi 50, msafara unapita mbele ya trafiki kwa adabu zote, na kilomita mbili baadaye mguu unarudi kwenye mafuta.

Tochi ni jina la mtaani la kifaa cha kupimia mwendo, kwa sababu askari anakielekeza kwenye gari kama mtu anayemulika. Vifaa hivi viko vya aina mbili. Cha rada kinarusha mawimbi ya redio, yanagonga gari na kurudi yakiwa yamebadilika kulingana na mwendo wako. Cha leza kinarusha mapigo mengi ya mwanga usioonekana kwa macho, kisha kinakokotoa umbali kati yako na askari unapungua kwa kasi gani. Kazi yote inaisha ndani ya sekunde moja hivi.

Tofauti hiyo si ya mafundi tu. Mwali wa leza ni mwembamba, ukifika mita 300 upana wake ni kama mita moja. Kwa hiyo utetezi wa "afande, spidi ilikuwa ya lile gari lililoni-overtake" hauna nguvu sana kwa leza, lakini kwa rada, ambayo mawimbi yake yanatawanyika, una maana zaidi kama magari yalikuwa yamekaribiana. Na lile la "alinipima akiwa pembeni, tochi imezidisha"? Hapana. Kupimwa kutoka pembeni ya barabara kunafanya kipimo kisome chini kidogo ya mwendo wako halisi. Pembe inakubeba wewe, si askari.

Jambo jingine ni umbali. Leza inaweza kukusoma ukiwa mita mia kadhaa nyuma, kwa hiyo ukishamwona askari na kukanyaga breki, namba yako mara nyingi imeshachukuliwa. Ndiyo maana unaweza kupita mahali hujaona mtu, halafu ukasimamishwa mbele na trafiki mwingine ambaye tayari ana picha yako kwenye simu. Suala la askari kukaa vichakani limelalamikiwa sana, na madereva wana hoja: trafiki anayeonekana anapunguza mwendo wa magari yote, aliyejificha anakusanya faini.

Ukisimamishwa, omba kuona picha. Angalia namba ya gari, spidi, saa na mahali. Kama mahali hapo palikuwa nje ya kibao cha kumaliza 50, sema hapohapo, kwa utulivu. Wengi hawanaswi katikati ya kijiji. Wananaswa mwishoni, nyumba zikiwa zimeanza kupungua lakini kibao cha kumaliza bado hakijafika.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Mabasi na malori ya zaidi ya kilo 3,500 yana kikomo cha 80 hata nje ya makazi. Kuna anayeona 50 ni kero tu. Hesabu yake ni hii: kwa 50 gari linakwenda kama mita 14 kila sekunde, kwa 80 ni mita 22. Ukichukua sekunde moja ya kushtuka, kisha breki nzuri kwenye lami kavu, gari la 50 linasimama baada ya mita 28 hivi. La 80 linahitaji karibu mita 58. Mtoto akivuka mbele yako mita 40, yule wa 50 ameshasimama. Wa 80 anafika kwa mtoto akiwa bado kwenye mwendo wa kuua.

Angalia pia matairi. Spidomita za kiwandani kwa kawaida zinasoma juu kidogo ya mwendo halisi, lakini ukifunga matairi makubwa kuliko ya awali mambo yanageuka. Tairi likizidi kipenyo kwa asilimia 5, gari linakwenda asilimia 5 zaidi ya ambavyo spidomita ingeonyesha. Linganisha na GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka, abiria ndiye aangalie.

Sasa dereva wa basi. Yeye taa za wenzake hazimsaidii tena, kwa sababu basi lake lina VTS, mfumo wa kufuatilia magari ulioanza enzi za SUMATRA na sasa unasimamiwa na LATRA. Tochi inapima sehemu moja, VTS inaandika safari nzima: basi liko wapi, linakwenda spidi gani, limezidisha 80 mara ngapi. Kuna na kitufe cha utambuzi, kinachoonyesha nani yuko kwenye usukani, ili dereva mmoja asiendeshe mfululizo bila kupokewa. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, hiki ndicho kinachobaki macho saa nane za usiku pale ambapo hakuna trafiki. Wapo wanaokichomoa au kukichezea, lakini kifaa kikikatika, ukimya wenyewe unaonekana kule kwenye mfumo.

Kwa faini ya kosa la papo kwa papo, unapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu au benki. Usimpe mtu fedha mkononi. Ukichelewa, deni linaongezeka.

Na deni hilo linakaa kwenye namba ya gari. Kabla hujanunua gari la mkononi, ingiza namba yake kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni. Ukiyakuta, muuzaji ayalipe kwanza ndipo mwandikishane.