Kibali cha njia ya gari ya nyumbani (England)

Kibali cha njia ya gari ya nyumbani ni idhini ambayo mwenye nyumba nchini England huhitaji kabla ya kujenga kipito cha gari kutoka barabarani hadi kiwanjani kwake. Idhini hizo ni za aina mbili, na moja haichukui nafasi ya nyingine.

Ya kwanza hutolewa na mamlaka ya barabara, chini ya kifungu cha 184 cha Sheria ya Barabara Kuu ya 1980. Inahusu kushusha mawe ya ukingo na kuimarisha njia ya waenda kwa miguu, ili magari yasiiharibu wala kuvunja mabomba yaliyo chini yake. Gharama hubebwa na mwenye nyumba.

Ya pili ni ya mipango miji. Tangu Oktoba 2008, sakafu mpya mbele ya nyumba inayozidi mita 5 za mraba huhitaji kibali ikiwa haipenyezi maji na mvua hutiririkia barabarani. Kutumia kokoto au kuelekeza maji bustanini huondoa sharti hilo. Kanuni hii ilifuata mafuriko ya 2007, ambapo mifereji ya miji ilielemewa.