Yule Aliyeonyesha Kidole

Kitabu nilikipata kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, jalada limekunjika pembeni, na ndani mtoto mwingine ameshaandika jina lake kwa kalamu ya nta. The Great Kapok Tree, cha Lynne Cherry, kilitoka Marekani mwaka 1990. Nisiseme uongo, nilikinunua kwa ajili ya picha. Cherry alisafiri hadi Amazon, Brazil, ili achore msitu alioutazama mwenyewe, na inaonekana. Kijani chake si kimoja. Kuna cha majani machanga, cha ukungu wa juu ya shina, na kile kinachokaribia weusi, ambamo jagwa hujificha mpaka umtafute.

Nikampelekea mtoto wa kaka yangu, ana miaka sita. Kizungu bado kinampiga chenga, basi nikawa nasoma huku natafsiri. Nilidhani jina la mti litanisumbua, kumbe ndilo lilikuwa rahisi kuliko yote: ni msufi. Ni aina ileile ya mti ambao sufi yake mama yangu alikuwa akijazia mito. Wabrazili huuita samaúma.

Hadithi yenyewe ni fupi. Watu wawili wanaingia msituni. Yule mkubwa anaonyesha kidole kwenye msufi, kisha anaondoka zake. Mwenzake anaanza kukata, anachoka, analala. Usingizini wanyama wanamjia sikioni mmoja mmoja: nyoka aina ya boa, nyuki, nyani, ndege, chura wa mtini, jagwa, nungunungu, wala-sisimizi, na yule mnyama mzito wa kucha tatu anayetembea matawini kana kwamba amelipwa asiwahi. Kila mmoja ana sababu ya kuomba mti uachwe. Mwisho anakuja mtoto wa Wayanomami. Mtu anaamka, anawatazama, anadondosha shoka, anaenda.

Mtoto akanyamaza kidogo, kisha: "Shangazi, na yule mkubwa mbona hawakumnong'oneza?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi kwenye kurasa za mwanzo kumtafuta, ndipo nikasoma maneno niliyokuwa nimeyaruka. Kitabu kimetolewa kwa kumbukumbu ya Chico Mendes.

Mendes alizaliwa mwaka 1944 huko Xapuri, jimbo la Acre, magharibi kabisa mwa Brazil, katika familia ya wagema mpira. Alianza kugema akiwa bado mtoto. Shule hazikuwepo kwenye mashamba yale ya mpira, na haikuwa bahati mbaya: mgema alikopeshwa chakula na zana na tajiri, deni likaandikwa daftarini, na mgema anayejua kusoma angeweza kulisoma daftari. Mendes alifundishwa kusoma akiwa kijana, na mkomunisti mmoja aliyekuwa amejificha msituni, Euclides Távora. Hawakuwa na kitabu chenye picha. Walitumia magazeti.

Miaka ya 1970 wakaja wafugaji. Msitu ukageuzwa kuwa malisho, na wagema wakaonekana uchafu wa kufagiwa pamoja na magogo. Wao wakabuni kitu walichokiita empate: wanaume, wanawake na watoto wanatembea kwa pamoja hadi mahali miti inapokatwa, wanasimama mbele ya misumeno, na kuzungumza na wakataji. Wakataji wengi walikuwa maskini wenzao, vibarua. Kwa maana hiyo kitabu cha Cherry kimekaa karibu sana na ukweli: mwenye shoka huwa anashawishika. Mwaka 1980 kiongozi wao, Wilson Pinheiro, aliuawa kwa risasi huko Brasiléia.

Mendes akaamua kumfuata mwenye kidole. Mwaka 1987 alikwenda Marekani kuwaeleza wakopeshaji kwamba barabara waliyoigharimia ilikuwa inafungua njia ya kuumaliza msitu. Tarehe 22 Desemba 1988, wiki moja baada ya kutimiza miaka 44, alitoka mlango wa nyuma na taulo, anakwenda kuoga. Akapigwa risasi ya bunduki ya kuwindia. Askari wawili waliopewa kazi ya kumlinda walikuwa jikoni wanacheza domino. Mwaka 1990 mfugaji Darly Alves da Silva na mwanawe Darci walihukumiwa miaka 19 jela kila mmoja.

Mwaka huohuo serikali ilitenga hifadhi yenye jina la Mendes, karibu hekta milioni moja, ambamo wagema wanaruhusiwa kuishi na kuvuna mpira na karanga za Brazil. Leo ng'ombe wamo hata ndani yake.

Ndiyo maana nina ugomvi mdogo na kitabu hiki ninachokipenda. Ndani yake hamna mgema hata mmoja. Kimetolewa kwa heshima ya mtu ambaye watu wake hawajachorwa.

Nilimsimulia mtoto kwa kifupi, nikairuka bunduki, nikasema tu kwamba watu wabaya walimuua. Akauliza kama Chico alikuwa na watoto. Nikamwambia alikuwa nao, wawili ni wadogo kuliko yeye. Akafikiri, akachukua kitabu mikononi mwangu, akaenda kumtafuta jagwa.