Nani Ana Haki ya Kuuliza Habari za Uwanja wa Wote?

Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dola Huru ya Kongo, likiongozwa na Mbelgiji Francis Dhanis, liliingia Kasongo, mji wa Tippu Tip, mfanyabiashara kutoka Zanzibar, na mwanawe Sefu. Daktari wa jeshi hilo, Mwingereza Sidney Hinde, aliandika baadaye juu ya mashamba ya mpunga na miwa, michungwa, mikomamanga na maghala yaliyojaa nafaka. Mji wa Kabambare nao ulitwaliwa Januari mwaka uliofuata. Msomaji wa leo anaweza kuzipitia kurasa hizo akaulilia mji wa bustani uliopotea, lakini asisahau kwamba bustani zile zilikuwa na wenyewe: zililimwa na watumwa, zikaliwa na mabwana. Uwanja wa mji ambao hata asiye na kitu anakaa bila kufukuzwa, na ambao mkubwa hawezi kuugawa kama mali yake, hakuuleta Mwarabu wala Mbelgiji. Hadi leo haujapata kinga ya kweli kusini mwa Maniema, jimbo zilimo Kasongo na Kabambare. Sababu yake haimo katika uhaba wa sheria zinazosema ardhi ni ya wote. Sheria hizo zipo tele. Kinachokosekana ni mtu mwenye haki ya kumwuliza mdhamini ameifanyia nini amana aliyopewa, na baraza la kumwulizia.

Tuanze na sheria zenyewe. Tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru ilitangaza kwamba ardhi isiyokaliwa na mtu ni mali ya dola. Msitu wa kuwinda, shamba lililopumzishwa, mahame yenye makaburi ya wazee, vyote vikahesabiwa kuwa vitupu. Mwaka 1902 kampuni ya reli ya CFL, iliyojenga njia ya kutoka Kindu hadi Kongolo, iliahidiwa hekta milioni 4 kama sehemu ya malipo yake. Kwa maneno ya sheria, dola ilikuwa imetoa kilicho chake. Mwenye ardhi hakuwa na pa kwenda kusema kwamba amana yake imeuzwa. Kisha, tarehe 5 Desemba 1933, amri ya kikoloni ikaunda sekta, kila moja na sanduku lake la fedha na baraza lake. Hapo ndipo tunapopata, kwa mara ya kwanza, chombo cha mtaani ambacho kingeweza kuitwa mdhamini wa mali ya watu. Lakini wajumbe wa baraza walikuwa watu waliokubaliwa na msimamizi Mbelgiji, na mkuu wa sekta alipimwa kwa kodi aliyoikusanya na kwa pamba. Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kulazimishwa kulima pamba, kuanzia 1917, kwa hiyo baraza la 1933 lilizaliwa katika mazoea ya kuripoti juu, si chini. Mazoea hayo yaliuvuka uhuru wa mwaka 1960 bila kuvunjika.

Baada ya uhuru serikali ilibadilisha mwenye mali, haikubadilisha utaratibu. Sheria ya Bakajika ya 1966 iliirudisha ardhi yote mikononi mwa dola, na sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ikasema ardhi ni mali ya dola peke yake, haiuzwi wala haipotei kwa kupita muda. Sheria hiyo hiyo ina kifungu kizuri kwa hoja yetu, cha 10: mali ya dola iliyotengwa kwa matumizi ya umma iko nje ya biashara mpaka iondolewe rasmi katika matumizi hayo. Uwanja wa mpira, nafasi iliyo mbele ya soko, bustani ya ofisi ya mji, vyote vinalindwa na maneno hayo. Shida imo katika neno dogo la mwisho wake, «mpaka». Mwenye kuondoa kinga ni serikali yenyewe, na anayekaa kwenye benchi la uwanja haitwi kusikilizwa. Kuhusu ardhi ya jamii za vijijini, kifungu cha 389 kiliahidi amri ya rais itakayoeleza haki zao. Nusu karne imepita na amri hiyo haijatoka.

Atauliza mtu: je, baraza la mtaa halipo? Kwenye karatasi lipo. Katiba ya 2006 na sheria ya 7 Oktoba 2008 zinazipa sekta na usultani hadhi ya kujitegemea, pamoja na baraza la kuchaguliwa na bajeti yake. Teritwari ya Kasongo na ya Kabambare, zilizo ngazi ya juu ya sekta, hazina hadhi hiyo. Msimamizi wa teritwari ni mtumishi wa serikali kuu, haziwakilishi. Kwa hiyo kisheria mdhamini wa karibu ni sekta. Lakini mabaraza ya sekta hayajachaguliwa hata mara moja tangu katiba ianze kutumika. Mwezi wa Desemba 2023 madiwani walipigiwa kura katika komini chache za miji mikuu ya majimbo, huku sekta zikiachwa nje. Wakuu wa sekta wameendelea kuteuliwa. Ukisema Kasongo kwamba bustani isimamiwe na baraza la mtaa, unamkabidhi kazi mtu ambaye bado hajazaliwa.

Ili kuona mdhamini anayeulizwa anafananaje, twende Nairobi. Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, alitajirika kwa kuiletea reli ya Uganda vibarua na chakula, akaanzisha gazeti ambalo leo ni The Standard, na akawa Mhindi wa kwanza katika baraza la kutunga sheria la Kenya. Mwaka 1906 aliwapa watu wa Nairobi bustani ya ekari kama 5 katikati ya mji, akaweka sanamu ya Malkia Victoria, na mtoto wa malkia mwenyewe akaja kuifunua. (Ni ajabu kidogo kwamba zawadi kwa wanyonge wa koloni ilipambwa kwa sura ya mkoloni mkuu, lakini tajiri wa Kihindi wa zama zile alihitaji ngao.) Mji ukawa mtunzaji, si mwenye mali wa kufanya atakalo. Mwaka 1991, wakati Nairobi ikiendeshwa na tume iliyoteuliwa na serikali bila madiwani wa kuchaguliwa, ulitoka mpango wa kujenga ndani ya bustani ile maegesho ya magari na soko la ghorofa. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, alisimama hadharani akapinga, akaungwa mkono na wakazi na mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai. Hoja yao ilikuwa fupi na haikuhitaji nadharia: bustani ilitolewa kwa sharti, na sharti halimo mkononi mwa mpokeaji kulifuta. Mpango ukaanguka. Pita pale saa saba mchana leo utakuta matarishi wamelala kwenye nyasi, mhubiri akipaza sauti bila kipaza sauti, mpiga picha akitafuta mteja, na duara la wanaume wanaobishana siasa, ambao kwa miaka mingi wamejiita Bunge la Mwananchi. Sanamu ya Victoria ilivunjwa mwaka 2015. Bustani imebaki.

Miaka miwili tu kabla ya mkasa huo, Maathai alikuwa amekwenda mahakamani kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, bustani nyingine ya Nairobi, akatupwa nje kwa sababu mahakama haikuona ana haki gani ya kushtaki. Jengo lile liliangushwa na aibu ya kimataifa na wafadhili waliorudi nyuma, si na sheria. Tofauti ya kesi hizo mbili ndiyo kiini cha jambo. Uhuru Park ilikuwa mali ya umma kwa maana ya jumla, ile ile ya kifungu cha 10 cha Kongo, na mwananchi aliyeuliza aliambiwa hayamhusu. Bustani ya Jeevanjee ilikuwa na mtoaji, sharti na wanufaika waliotajwa, kwa hiyo aliyeuliza alikuwa na pa kushikia.

Hata mdhamini aliyechaguliwa kwa kura halali anahitaji kuulizwa. Huko London halmashauri ya Haringey ilipokea mwaka 1980 udhamini wa Alexandra Park na jumba lake, mali iliyowekwa na sheria ya 1900 kwa ajili ya burudani ya umma. Mwezi Julai mwaka huo huo jumba likaungua. Halmashauri ikalijenga upya, gharama zikapita malipo ya bima, na ukazuka mgogoro wa miaka mingi: deni ni la halmashauri au ni la mfuko wa amana? Madiwani walikuwa wamevaa kofia mbili bila kukumbuka ni ipi iliyo kichwani. Baadaye ukaja mpango wa kulikodisha jumba kwa miaka 125 kwa mwekezaji. Mkazi mmoja wa mtaa alikwenda mahakama kuu, na mwaka 2007 mahakama ikaifuta idhini ya mpango huo kwa sababu umma uliombwa maoni juu ya mkataba bila kuonyeshwa mkataba wenyewe. Mkazi huyo hakuwa na hisa wala cheo; alikuwa na haki ya kuona karatasi.

Hapa nasikia pingamizi la kwanza, nalo si la kudharau: hayo ni mambo ya sheria ya Kiingereza, na Kongo inafuata sheria za Kibelgiji zisizoijua amana ya namna hiyo. Kwa sehemu ni kweli. Lakini Kasongo, mji mkongwe wa Uislamu nchini Kongo, haihitaji kufundishwa na London maana ya kuweka wakfu. Zanzibar, ambako wafanyabiashara wa Kasongo walitokea, iliweka tume ya kusimamia mali za wakfu mwaka 1905, kabla ya bustani ya Nairobi kufunguliwa. Tena sheria ya Kongo yenyewe imeshazaa kitu cha karibu sana. Kifungu cha 22 cha sheria ya misitu ya 29 Agosti 2002 kinairuhusu jamii kupewa, bila malipo, msitu inaoumiliki kwa mila, na amri ya 2 Agosti 2014 ikaeleza njia ya kuupata: hadi hekta 50,000, kwa sahihi ya gavana wa jimbo, kwa muda usio na mwisho, na bila ruhusa ya kuuza. Kinachopendeza zaidi ni jinsi unavyosimamiwa. Kuna mkutano wa jamii nzima, kuna kamati ya kuendesha, kuna kamati nyingine ya kuikagua hiyo ya kwanza, na kuna baraza la wazee la kusuluhisha. Kamati ikitaka kumkatia mpasua mbao sehemu ya msitu, haiishii kwa mwenyekiti na muhuri wake: suala linapita mkutanoni, na fedha zinahojiwa na watu ambao hawakuzishika. Kile ambacho sekta imekikosa tangu 1933, msitu wa jamii umekipata kwa kanuni zake.

Pingamizi la pili ni kwamba sultani wa ukoo ndiye mdhamini wa asili, tusimwongezee kamati. Wapo masultani waaminifu, na mila inawabana kwa njia ambazo karatasi haizijui. Lakini usultani tunaouona leo umepitia mikono ya mkoloni, aliyewatambua aliowataka na kuwatoa waliomkataa, na sahihi moja ya mtu mmoja ndiyo anayoitafuta kwanza kila mnunuzi wa ardhi. Baraza la wazee la msitu wa jamii halimwondoi. Linamweka mahali pa kusuluhisha badala ya mahali pa kuuza. Pingamizi la tatu ndilo zito: huko Salamabila, teritwari ya Kabambare, watu wamezikimbia bunduki zilizouzunguka mgodi wa dhahabu wa Namoya, nani atawaza bustani? Ndiye huyo mkimbizi. Familia zinapofika mjini usiku hazipokelewi kwenye viwanja vilivyokwisha kugawanywa kwa nyumba za watu. Hupokelewa shuleni, kanisani, msikitini na kwenye uwanja mtupu ambao bado hakuna aliyeupata.

Mfano wa misitu hauwezi kuhamishiwa mjini kama ulivyo, kwa sababu amri ile inahusu msitu na jamii yenye ukoo mmoja au zaidi, wakati uwanja wa Kasongo ni wa Wasonge, Wakusu, Wazula, Wabangubangu na wageni wote. Lakini hakuna sheria inayomkataza mkuu wa sekta aliyeteuliwa kuandika orodha ya viwanja vya umma vilivyo katika eneo lake, pamoja na mipaka na matumizi ya kila kimoja, kuibandika mlangoni mwa ofisi, na kuitisha kamati ya ukaguzi yenye watu wa soko, wa shule na wa dini. Orodha hiyo haitampa mtu yeyote haki mpya ya kushtaki. Itafanya jambo la chini zaidi: siku msimamizi wa hati za ardhi atakapoletewa ombi la kupima kiwanja kimojawapo, jina la kiwanja litakuwa limekwisha kusomwa na watu, na baraza la kwanza litakalochaguliwa litakuta daftari la kuanzia kazi.