Diski za Bei Nafuu: Kutoka Berkeley hadi Mvara

Wengi wetu tunaosoma kompyuta hudhani kuwa kuhifadhi data kwenye diski zaidi ya moja ni anasa ya benki na kampuni za simu. Historia inasema vingine. Mwaka 1988, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz walitoa makala iliyozaa jina RAID, na herufi ya tatu ya jina hilo ilisimamia neno lenye maana ya "bei nafuu". Baadaye watengenezaji waliibadilisha ikamaanisha "zinazojitegemea". Nadhani hawakupenda kuuza kitu ghali chenye jina la rahisi.

Hoja yenyewe ilikuwa ya mtu anayebana matumizi. Diski kubwa kama IBM 3380 zilikuwa za kompyuta za kujaza chumba, huku diski ndogo za kompyuta za mezani zikishuka bei. Kwa nini usiunganishe ndogo nyingi? Tatizo ni hesabu. Diski moja ikidumu kwa wastani saa 30,000, kundi la diski 100 litapoteza moja kila saa 300, yaani chini ya wiki mbili. Kwa hiyo ilibidi pawe na ziada: ama kila diski iwe na pacha wake, ambalo ni daraja la 1, ama hesabu ya ukaguzi isambazwe kwenye diski zote ili ikifa moja, zilizobaki ziikokotoe upya. Hilo ni daraja la 5.

Miaka ya 2000 hatari iliongezeka. Xen ilitoka Cambridge, Uingereza, mwaka 2003, KVM ikaingia ndani ya Linux mwaka 2007, na Proxmox ikafuata 2008. Kwa programu hizi za bure, kompyuta moja hubeba seva pepe kadhaa: ya alama za wanafunzi, ya hesabu za fedha, ya barua pepe. Shule isiyo na fedha hununua mashine moja iliyotumika badala ya tatu. Lakini diski yake ikifa, ofisi tatu hufungwa siku ile ile.

Makala ya Berkeley haikuandikwa kwa mahali penye umeme kama wetu. WENRECo ilipewa leseni ya West Nile mwaka 2003 na kutegemea jenereta ya mafuta mazito. Bwawa dogo la Nyagak, la megawati 3.5, likaanza 2012. Gridi ya taifa ilitufikia 2024 tu. Hapo ndipo daraja la 5 linapokuwa mtego. Data na hesabu yake ya ukaguzi huandikwa kwenye diski tofauti. Umeme ukikatika katikati, kimoja kimeandikwa na kingine bado, wala hakuna anayeona. Miezi baadaye diski moja ikifa, mashine huijenga upya kutokana na hesabu ya uongo. Wenye fedha hununua kadi yenye betri.

Kwa mfuko wetu, naona diski mbili pacha zinatosha, chini ya ZFS, mfumo ambao Sun Microsystems iliufungua kwa umma mwaka 2005. Hauandiki juu ya data ya zamani bali mahali papya, na kila kipande kina alama ya uhakiki, hivyo hujua pacha yupi anadanganya. Ni kweli kwamba diski tatu za daraja la 5 hutumia nafasi yake vizuri zaidi. Nafasi hiyo haina faida ikiwa alama zilizomo si zile mwalimu alizoandika. (Na pacha hao wanunuliwe maduka tofauti, waliotoka kiwandani pamoja huweza kufa pamoja.)

Hata hivyo pacha huiga kila kitu, hata faili lililofutwa kwa bahati mbaya, na wote wawili wamo chumba kimoja. Septemba 2020 jengo kuu la Makerere liliungua. Wazee wa hapa walilijua jambo hili mapema zaidi: mwaka 1980 na 1981, vita vilipowakimbiza watu wa Arua na Koboko kwenda Sudan na Zaire, nyumba ilipochomwa, cheti kilichokuwa ndani kiliungua nayo. Basi diski ya nje ijazwe kila Ijumaa, ifungwe kwa nywila, ipelekwe Koboko kwa basi, na ile ya wiki iliyopita irudi Mvara. Gharama yake ni diski mbili za nje na nauli.